Dawa za kushusha lehemu na kisukari: aache au aendelee?

Dirisha la Dawa

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba tulijadili hili kwa namba, maana dirishani linarudi kila wiki. Mtu anatumia statini (dawa za kushusha lehemu, yaani kolesteroli) kama atorvastatini au rosuvastatini, kafungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi kakuta imeandikwa kuwa dawa inaweza kupandisha sukari. Au katumiwa sauti ya WhatsApp inayosema statini ndizo zinazozalisha wagonjwa wa kisukari. Wengine hawaulizi kabisa, wanaacha kimyakimya, na tunajua kwa sababu hawarudi kuchukua vidonge vya mwezi unaofuata.

Tuchukue mfano mmoja tusije tukatawanyika. Mtu wa miaka 58, ana presha, tumbo limetoka, havuti sigara. LDL, ile lehemu mbaya, ni 4.1 mmol/L. Kabla ya dawa sukari ya asubuhi kabla hajala ilikuwa 6.2 mmol/L na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, ilikuwa 6.1%. Kaandikiwa atorvastatini ya miligramu 40. Baada ya miezi sita HbA1c inasoma 6.5%. Dawa ndiyo imempa kisukari? Aache, apunguze, abadilishe au aendelee? Na vipimo gani vilipaswa kuwapo kabla hajameza kidonge cha kwanza?

Jibu la "nenda kamwone daktari" tunalo tayari. Nahitaji la kumwelewesha mtu kwa dakika tano akiwa amesimama.

Mkunazi

Ndiyo, statini zinapandisha sukari. Tusilifiche. Mgonjwa ukimkanushia leo, kesho akalisoma mwenyewe, hatakuamini tena hata kwenye mambo mengine. Mwambie zinapandisha kwa kiasi gani, na kwa watu wa aina gani.

Mambo yalianza kinyume chake. Mwaka 2001 jaribio la pravastatini lililofanyika Scotland (WOSCOPS) lilipochambuliwa upya, waliomeza dawa walionekana kupata kisukari pungufu kwa 30% hivi. Mwaka 2008 likaja JUPITER, watu 17,802, nusu wakipewa rosuvastatini miligramu 20 na nusu kidonge kisicho na dawa. Upande wa dawa wagonjwa wapya wa kisukari wakawa 270, upande wa pili 216. Mwaka 2010 majaribio 13 yakajumlishwa, watu 91,140, ongezeko likawa 9%. Februari 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikataka onyo liingie kwenye maelezo ya dawa. Sentensi inayowatia hofu wateja wako chanzo chake ni hapo.

Asilimia tisa ikitajwa peke yake inatisha, kwa hiyo igeuze iwe watu. Watu 255 wakimeza statini kwa miaka 4, mmoja zaidi atapata kisukari ndani ya muda huo. Katika watu hao hao 255, LDL ikishuka kwa 1 mmol/L, mashambulio ya moyo na vifo vya moyo kama vitano vinazuilika. Hiyo ndiyo mizani ya kumwonyesha mtu dirishani.

Namba bora zaidi zilitoka mwaka 2024, kutoka kwa kundi la Oxford linalokusanya takwimu za kila mshiriki mmoja mmoja: majaribio 19 yaliyolinganisha dawa na kidonge tupu, watu 123,940. Kwa dozi ndogo na ya kati, waliopata kisukari kwa mwaka walikuwa 1.3 katika kila 100, wasiotumia 1.2. Kwa dozi kubwa walikuwa 4.8, wasiotumia 3.5. Hapa watu wengi wanateleza: usichukue 1.3 ya kundi moja ukailinganisha na 4.8 ya kundi jingine. Majaribio ya dozi kubwa yalipima HbA1c mara nyingi zaidi, ndiyo maana hata waliomeza kidonge tupu walifika 3.5. Linganisha ndani ya kundi lilelile. Ukifanya hivyo, dozi ya kati inaongeza mgonjwa 1 hivi katika watu 1,000 kwa mwaka, dozi kubwa inaongeza 13.

Sasa kwa mtu wako. Kwa wastani statini zilipandisha sukari ya damu kwa 0.04 mmol/L na HbA1c kwa 0.06 hadi 0.08. Yeye kapanda kwa 0.4. Hata ukimpa dawa lawama yake yote ya wastani, 0.3 na zaidi bado haina mwenyewe. Itafutwe.

Halafu angalia alipoanzia. Asilimia 62 ya wagonjwa wapya katika takwimu hizo walitoka kwenye robo moja tu ya washiriki, wale waliokuwa na sukari ya juu kuliko wenzao tangu siku ya kwanza. Kwenye JUPITER pia, wasio na dalili yoyote ya hatari (si wanene, sukari ya kufunga nzuri, HbA1c haizidi 6) hawakuonyesha ongezeko la kisukari. Wenye angalau dalili moja ndio walioongezeka, na katika kundi hilo hilo, kwa kila wagonjwa wapya 54 wa kisukari matukio 134 ya moyo, kiharusi na vifo yalizuilika. Waliokipata upande wa dawa walikipata mapema kwa wastani wa wiki tano na nusu hivi kuliko wa upande wa pili. Kwa mtu mwenye HbA1c ya 6.1 na tumbo, ukweli unaofaa kumwambia ni huu: alikuwa mlangoni, dawa imemsukuma hatua ndogo.

Maabara Kwanza

Kabla hatujagawana lawama, hiyo 6.5 imetoka wapi? Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu makosa mengi ninayoyafahamu yanazaliwa kwenye kipimo chenyewe.

Kwanza, mtu asiye na dalili (hana kiu ya ajabu, haendi haja ndogo usiku kucha, hajakonda) hatangaziwi kisukari kwa jibu moja. Yanatakiwa majibu mawili yaliyovuka mstari: HbA1c mara mbili, au HbA1c ya 6.5% na sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L kwenda juu. Jibu moja la 6.5 ni sababu ya kurudia, ndani ya wiki chache, mashine ileile, maabara ileile. Tofauti ya 0.2 kati ya mashine mbili nzuri ni jambo la kawaida kabisa, na tayari ni kubwa kuliko wastani wa athari ya statini aliouandika Mkunazi.

Pili, HbA1c inahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Chochote kinachobadilisha umri wa chembe kinapotosha jibu. Mwenye selimundu kamili asipimwe HbA1c kabisa. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja, inategemea aina ya mashine, kwa hiyo maabara iulizwe. Aliyetoka kwenye malaria kali iliyomaliza damu, au aliyeongezewa damu karibuni, jibu linaweza kushuka kwa uongo. Upungufu wa madini ya chuma unafanya kinyume, unapandisha kwa uongo. Kwetu huku, ambako selimundu, malaria na upungufu wa damu vipo kila kijiji, kumwandikia mtu kisukari kwa HbA1c bila kuangalia picha ya damu ni kubahatisha.

Tatu, sukari ya kufunga. Masaa 8 bila chakula, maji tu, bila chai hata ya rangi yenye sukari kidogo. Damu iingie kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, ile yenye floridi. Kwenye chupa ya kawaida chembe za damu zinaendelea kula sukari, inashuka kwa 5 hadi 7% kila saa. Sampuli iliyochukuliwa zahanati saa mbili asubuhi ikasafirishwa na bodaboda na kufika mashine saa sita mchana inaweza kumgeuza mwenye 7.2 awe na 5.6, mtu arudi nyumbani akifurahi bure.

Nne, mashine ya kidole. Viwango vya kimataifa vinairuhusu ikosee kwa 15% juu au chini. Sukari ya kweli ikiwa 6.0, mashine nzima kabisa inaweza kusoma 5.1 au 6.9. Mtu anayejipima nyumbani akakuambia "kabla ya dawa 5.7, sasa 6.3, dawa imenipandishia", mashine hiyo haina uwezo wa kuliona ongezeko la 0.04. Itumike kufuatilia aliyekwisha kujulikana ana kisukari. Kutoa hukumu juu ya statini haiwezi.

Na jamani, vizio. Maabara moja inatoa mmol/L, nyingine mg/dL. Sukari gawanya mg/dL kwa 18, LDL gawanya kwa 38.7. Sukari ya "110" ni 6.1, na LDL ya "160" ni 4.1. Wapo wanaoshtuka kuwa imepanda kumbe wamehama maabara.

Majibu yakiendelea kugongana, fanya kipimo cha kunywa glukosi: gramu 75 kwenye maji ya mililita 250 hadi 300, anywe ndani ya dakika 5, akae ametulia, damu ichukuliwe baada ya saa mbili. 11.1 na zaidi ni kisukari, 7.8 hadi 11.0 yupo njiani.

Dirisha la Dawa

Maabara Kwanza, asante sana, la kifuniko cha kijivu nalichukua kama lilivyo.

Nyongeza mbili. Moja, kuna statini iliyo salama zaidi kwa sukari? Watu wanaomba "ile isiyopandisha". Mbili, wapo wanaotumia ARV na wameanzishiwa statini, kwao hesabu inabadilika?

Daktari wa Zamu

Naanza na jambo ambalo naona Mkunazi kalipita haraka. Takwimu zake nazikubali zote, ila zinajumlisha watu tofauti. Faida ya statini inategemea hatari ya moyo aliyo nayo mtu, na madhara ya sukari yanategemea sukari aliyo nayo. Vitu hivi viwili havipandi pamoja daima. Mtu wa miaka 38 mwenye LDL 3.6, presha ya kawaida, havuti sigara, lakini mnene na HbA1c 6.2, kupewa rosuvastatini 20 kwa sababu tu karatasi ya maabara ilikuwa na alama nyekundu, huyo kabebeshwa hasara bila faida ya maana ndani ya miaka kumi ijayo. Kwake hofu ya kisukari ina haki, na alipaswa kuanza na mwili na mlo. Zipo chati za WHO za mwaka 2019 zenye ukurasa wa ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika. Zinahitaji umri, jinsia, sigara, presha, na lehemu ya jumla ikiwa ipo. Mwongozo wa WHO unaanza kuzungumzia statini hatari ikifika 20% kwa miaka kumi. Chati hiyo ichorwe kwanza, dawa baadaye.

Kuna ambao mjadala huu hauwahusu kabisa: aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba mshipa, aliyewekewa chuma kwenye mshipa wa moyo, na mwenye lehemu ya kurithi, ambaye LDL yake mara nyingi ni 4.9 au zaidi na ndugu zake wamekufa kwa moyo wakiwa vijana. Hao wakiacha statini kwa kuogopa sukari wanabadilisha hatari ndogo kwa kubwa. Sukari ikipanda inatibiwa huku statini ikiendelea.

Sasa aina. Dozi ina uzito kuliko jina. Atorvastatini miligramu 10 inashusha LDL kwa 37% hivi, na kila ukizidisha dozi mara mbili unaongeza pointi kama 6 tu: 20 inafika 43, 40 inafika 49, 80 inafika 55. Unaona kwamba kutoka 20 hadi 80 umeongeza dawa mara nne kwa faida ya pointi 12, huku ukiingia kwenye eneo la dozi kubwa ambako sukari inaguswa zaidi. Njia nyingine ni kubaki kwenye dozi ya kati ukaongeza ezetimibe miligramu 10, ambayo inashusha LDL iliyobaki kwa 20% hivi na haijaonyesha kupandisha kisukari. Jaribio la Korea Kusini liitwalo RACING, mwaka 2022, watu 3,780 wenye maradhi ya mishipa, lililinganisha rosuvastatini 10 pamoja na ezetimibe dhidi ya rosuvastatini 20 peke yake. Kwa miaka mitatu matukio ya moyo yalikuwa 9.1% na 9.9%, yaani mchanganyiko haukuwa dhaifu. Shida ni bei na upatikanaji wa ezetimibe, hilo Dirisha unalijua kuliko mimi.

Kati ya hizo mbili kubwa, jaribio jingine la Korea Kusini, LODESTAR la 2023, lilionyesha waliohitaji kuanza dawa za kisukari ni 7.2% kwa rosuvastatini na 5.3% kwa atorvastatini. Simvastatini 20 na pravastatini zina athari ndogo, lakini zinashusha LDL kidogo pia. Hakuna ya bure. Jihadhari mtu akihamishiwa simvastatini akiwa anatumia amlodipini ya presha, maana simvastatini isizidi miligramu 20 hapo, vinginevyo misuli inaweza kuumia. Hili linatokea sana kwa sababu amlodipini iko kila nyumba.

Kwa wanaotumia ARV: jaribio la REPRIEVE lililotoka 2023 lilikuwa na watu 7,769, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Pitavastatini miligramu 4 ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa 35%. Kisukari kilikuwa 5.3% upande wa dawa na 4.0% upande wa pili. Kwa hiyo hata pitavastatini, ambayo ilisifiwa kuwa haigusi sukari, iligusa. Isipopatikana, miongozo inataja atorvastatini 20 au rosuvastatini 10. Dolutegraviri, mojawapo ya ARV, haina ugomvi na statini. Walio kwenye mstari wa pili wenye ritonaviri ndio wa kuangaliwa: simvastatini ni marufuku kabisa kwao, na atorvastatini ianze kwa dozi ya chini, kwa kawaida isivuke 20.

Mkunazi

Daktari wa Zamu, kwa kijana wa miaka 38 nakubaliana nawe bila kubisha. Nilikuwa namjibu Dirisha kwa mtu wake wa 58, mwenye presha na LDL 4.1.

Niongeze la "kwa nini", maana wapo wanaouliza. Statini inazuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza lehemu. Ini likikosa lehemu linaotesha vipokezi vingi zaidi vya kuvuta LDL kutoka kwenye damu, na hapo ndipo LDL inashuka. Mwaka 2015 watafiti walichukua watu waliozaliwa na mabadiliko ya kinasaba yanayofanya kimeng'enya hicho kiwe kivivu kiasili, kana kwamba wamemeza statini dhaifu tangu tumboni. Walikuta wana uzito mkubwa kidogo na kisukari kingi kidogo. Maana yake athari hii inatokana na kazi yenyewe ya dawa, hivyo kubadilisha kampuni au kukimbilia boksi la bei ghali hakusaidii. Na mwaka huohuo Uholanzi walichunguza watu 63,320 wa familia zenye lehemu ya kurithi: walioirithi walikuwa na kisukari kwa 1.75%, ndugu zao wasioirithi 2.93%. Wenye vipokezi pungufu vya LDL, kisukari kidogo. Dhana inayotokana na hayo ni kwamba seli za kongosho zinazotengeneza insulini zikivuta lehemu nyingi mno zinachoka. Bado ni dhana, lakini inaoana na kinachoonekana.

Na tahadhari moja ya dirishani. Anayekuambia ameacha statini anatumia "mchele mwekundu wa Kichina" wa asili: ule mchele uliochachushwa una monakolini K, ambayo ni lovastatini yenyewe kwa jina jingine. Anameza statini isiyojulikana kipimo.

Pwani Salama

Mmeongea dawa vizuri. Mimi nirudi kwenye ile 0.3 ya HbA1c ambayo Mkunazi kasema haina mwenyewe.

Wa kwanza kushukiwa ni dawa nyingine. Mtu ana presha: anatumia haidroklorothiazidi? Hiyo inapandisha sukari. Atenololi pia kidogo. Kachomwa sindano ya steroidi ya goti, au kapewa prednisoloni ya pumu au ya mzio? Hiyo ni kubwa kuliko statini zote, na inaweza kupeleka sukari 14 au 18 ndani ya siku chache. Dawa za afya ya akili kama olanzapini zimo pia. Pitia boksi zote alizo nazo nyumbani, za duka na za kliniki. Sukari iliyoruka kutoka 6 hadi 14 kwa wiki chache isihusishwe na statini kamwe. Na kama ana zaidi ya miaka 50 na anakonda bila sababu, kongosho ichunguzwe haraka.

Wa pili ni uzito. Muulize alikuwa na kilo ngapi siku alipoanza dawa na ngapi leo. Statini yenyewe inaongeza robo kilo hivi kwa wastani. Lakini wapo wanaolegea baada ya kupewa kidonge, wanaona lehemu imeshuka kwenye karatasi, chipsi na mandazi yanarudi mezani.

Hapa ndipo penye nguvu ya kweli. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari wa Marekani, uliotoka 2002, ulichukua watu 3,234 waliokuwa mlangoni mwa kisukari kama mtu wetu. Waliolenga kupunguza 7% ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa 58%. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, 31%. Weka hiyo 58% karibu na ongezeko la 10% la statini ya dozi ya kati, utaona mwendo wa miguu unafuta deni na kubakisha akiba.

Kwa mtu wa kilo 86, asilimia 7 ni kilo 6. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Mezani aanze na vinywaji, kwa sababu ndiko sukari inakoingia bila kushibisha: soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na vikombe vitatu vya chai vya vijiko vitatu vitatu vinafika hapo hapo. Ugali upungue ukubwa kabla haujabadilishwa unga. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi, lakini mlima wa dona ni mlima vilevile. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kisamvu au kabichi, robo maharage, samaki au dagaa, robo iliyobaki ndiyo ugali, wali au mihogo. Kisamvu na samaki wa tui la nazi zito kila siku vinapandisha LDL, na mawese pia, kwa kuwa mafuta yake karibu nusu ni yale yanayoganda. Tui la pili, jepesi, linatosha kwa ladha. Tukifanya hivyo pengine hata hiyo atorvastatini 40 inashuka hadi 20.

Dirisha la Dawa

Basi niweke mpangilio nione kama nimeelewa. Kabla ya kidonge cha kwanza: uzito, kiuno, presha, lehemu, ini (ALT), sukari ya kufunga au HbA1c, na orodha ya dawa zote. Baada ya miezi mitatu: lehemu na HbA1c. Mtu wetu arudie kipimo, maabara ileile, bila kuacha dawa. Ikirudi 6.5 tena?

Maabara Kwanza

Lehemu haihitaji kungoja miezi mitatu, kuanzia wiki ya 4 hadi ya 12 inasomeka. HbA1c ya kuangalia athari ya dawa ndiyo isipimwe chini ya miezi mitatu tangu aanze, chembe za zamani zinakuwa bado zipo; ile ya kuhakikisha jibu la 6.5 ndiyo inayorudiwa ndani ya wiki chache. Na lehemu siku hizi haihitaji kufunga, isipokuwa trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu) zikizidi 4.5, hapo arudie akiwa hajala.

Daktari wa Zamu

Ikirudi 6.5 tena na picha ya damu haina shida, ana kisukari, na hapo hoja ya kuacha statini inakufa yenyewe. Mtu mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 anapewa statini kwa sababu ya kisukari. Jaribio la CARDS la 2004 liliwapa atorvastatini miligramu 10 tu watu wenye kisukari ambao hawakuwahi kuugua moyo, 2,838 kwa jumla, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yakapungua kwa 37%. Lilisimamishwa miaka miwili kabla ya muda kwa sababu faida ilikuwa wazi.

LDL yake ipimwe sasa hivi. Kwa 40 ilipaswa kushuka kutoka 4.1 hadi 2.1 hivi. Ikiwa ni 2.1, anameza dawa kweli, na inazungumzika kushuka hadi 20, ambayo ingempeleka 2.3 hivi, halafu apimwe tena baada ya wiki nane. Ikiwa bado ni 3.9, hamezi, na statini haihusiki hata kidogo na sukari yake. Kipimo hicho kimoja kinajibu nusu ya swali lako, na watu wengi wanakisahau.

Metformini ianze miligramu 500 mara moja na chakula cha jioni, wiki moja au mbili, kisha 500 mara mbili, ili tumbo lizoee. Figo zipimwe kwanza: uwezo wa kuchuja ukiwa chini ya 30 asipewe, na kati ya 30 na 45 asianzishiwe. Na kwa wale wa ARV uliowauliza, dolutegraviri inaizuia metformini isitoke mwilini, kwa hiyo jumla ya metformini isivuke miligramu 1,000 kwa siku. Liandikwe kwenye kadi ya kliniki zote mbili, maana mara nyingi dawa hizo hutolewa kwenye madirisha mawili tofauti.